Mkanda Kwenye Mkono wa Kigae

Aliitwa Kigae kwa sababu ya shavu lake. Alipokuwa bado kibarua, chupa ilipasuka usoni pake ikamwachia kovu pana, na watu wa kiwandani jina likishapatikana hawana huruma nalo. Mke wake alilichukia jina hilo miaka yote. Yeye mwenyewe aliliitikia bila kinyongo, akisema afadhali Kigae kuliko yule mwenzake wa stoo ambaye mpaka anastaafu aliitwa Kwikwi.

Kazi yake ilikuwa tanuri. Kiwanda kilitengeneza chupa za dawa, zile ndogo za rangi ya chai, na roho ya kiwanda ilikuwa tanuri moja la matofali, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, lililojaa kioo kilichoyeyuka. Wafanyakazi walikiita uji. Uji ule haulali usingizi. Moto ukififia unaanza kuganda, na ukigandia ndani, tanuri limekufa, huliamshi tena kwa dawa wala kwa dua. Ndiyo maana Kigae alilizungumzia nyumbani kama mtu anavyomzungumzia mtoto mgonjwa, mpaka mke wake akamwambia: "Baba watoto, si ungelioa tu hilo tanuri, mimi ukaniacha kwetu?"

Mle ndani kelele za mashine hazikuruhusu maongezi. Watu walisema kwa mikono. Ngumi juu ya kichwa ilikuwa simamisha, viganja viwili kifuani vilikuwa joto limepanda, na mkono ulioinuliwa juu kisha ukashushwa kwa nguvu ulikuwa njoo upesi. Aliyezoea aliweza kupiga soga zamu nzima bila kufungua mdomo, na kusengenya pia.

Mzee mwenye kiwanda hakuwa malaika, tusidanganyane. Alikuwa na mdomo mchafu, akikasirika anakutukana wewe na ukoo wako wote. Lakini siku moja ukuta wa tanuri ulitoboka, uji ukaanza kuchuruzika sakafuni mwekundu, na kila mtu akatazama mlangoni. Mzee akaingia mbio, shati limefunguka vifungo, akanyakua mpira wa maji akasimama mbele kabisa. Dawa ya tanuri lililotoboka ni hiyo tu: watu wengi wenye mipira ya maji na roho ngumu, wanaumwagia ule mwanya mpaka uji wenyewe ugande na kujiziba. Mtu mmoja hawezi. Siku ile hakuna aliyekimbia. Walipomaliza, Mzee hakuwa na nyusi hata moja. Akapanda juu ya kreti, anakohoa, akasema: "Wapumbavu ninyi, nawapenda. Siku moja mgonjwa wa nchi hii hatakunywa dawa kwenye chupa ya kuagizwa. Atakunywa kwenye chupa yetu."

Kigae aliyameza maneno hayo yakamkaa tumboni. Toka siku hiyo hakuweza kupita duka la dawa bila kupindua chupa kutazama alama ya kiwanda chini yake. Mwanawe wa mwisho alipougua homa kali, muuguzi alileta dawa, Kigae akaipindua ile chupa, akaiona alama, akaangua kilio pale pale wodini. Mke wake akajipiga kifuani akidhani daktari amekata tamaa. Alipoelezwa sababu nusura ampige kwa kandambili.

Sasa, mtu kama huyo ukimharibu umefanya kazi kubwa. Na aliyemharibu alifanya kwa muda mfupi tu.

Mzee alipooza upande mmoja, akaletwa mkwe wake, mume wa binti yake mkubwa, kuwa mkurugenzi. Kabla wiki haijaisha wafanyakazi walikuwa wamempa jina: Bwana Kofi. Alimzaba mama mmoja wa kufunga chupa kwa sababu kreti ilimponyoka. Mama mtu mzima, mwenye wajukuu, aliyeitwa Bibi Mafungu kiwanda kizima. Kofi lilimwangusha juu ya vipande vya chupa, akainuka na mikono inavuja damu. Bwana Kofi akajifuta kiganja kwa leso, akaendelea na ukaguzi wake.

Kisha akaleta wataalamu wenye tai, wakakaa chumba cha mikutano siku kadhaa wakinywa soda, wakatoka na dira mpya. Ilipakwa ukutani kwa rangi ya bluu, herufi kubwa kama milango: KUWA KINARA WA UFUNGASHAJI BORA WENYE TIJA ENDELEVU KWA WADAU WOTE. Kila asubuhi watu walipangwa mstari getini, na mmoja mmoja akaikariri dira kwa sauti. Aliyekosea alilimwa kofi. Aliyecheka alilimwa mawili. Fundi umeme mmoja alisema "wadudu wote" kwa woga tu, maskini, akapigwa teke la tumbo, akakaa chini akitapika chai.

Zamu ya Kigae ilipofika, alisimama akasema: "Siku moja mgonjwa wa nchi hii hatakunywa dawa kwenye chupa ya kuagizwa."

"Siyo hiyo," alisema Bwana Kofi.

"Ndiyo tunayoijua, bosi. Ya Mzee."

Kofi lilimpata kwenye lile shavu la kovu. Hakuwa amepigwa kofi tangu utotoni, na kumbe mwili hausahau: machozi yalimtoka yenyewe, mbele ya vijana aliowafundisha kushika koleo. Akapigwa la pili, na la tatu, mpaka mdomo ukapasuka, mpaka aliposema ya kinara na tija na wadau. Aliisema yote bila kukosea. Damu ilimchuruzikia kidevuni na watu wakatazama viatu vyao.

Ungetegemea amchukie bosi. Alimchukia, ndiyo. Lakini kulikuwa na kitu alichokiogopa kuliko Bwana Kofi, nacho kilianza kuonekana kwenye meza ya ukaguzi. Chupa zilitoka na mapovu ndani ya kioo. Zilitoka na midomo iliyopinda. Zamani mkaguzi angezivunja kwa hasira, akamfuata mtu wa mashine wakagombana mpaka mashine irekebishwe. Sasa mkaguzi alizisukuma mbele zikafungwa. Mtu aliyeona boliti ndani ya mchanga wa kuyeyushwa aliiacha ipite. Hakuna aliyepindua chupa tena. Ukimuuliza mtu, anakujibu kwa mkono: wadau watajua wenyewe.

Kigae aliona kiwanda kinakufa mikononi mwake. Kwa hiyo Bwana Kofi alipomwita ofisini, akamweka juu ya zamu nzima na kumpa kipande cha mkanda wa mashine, mpira mgumu wenye nyuzi za chuma, kimetobolewa mwishoni na kutiwa kitanzi cha kuvaa mkononi, hakukikataa.

"Hawa watu hawasikii maneno," alisema Bwana Kofi. "Unataka chupa nzuri?"

"Nataka, bosi."

"Basi wachape. Utaona."

Na kweli aliona. Hapo ndipo penye balaa. Siku ya kwanza alimchapa mkaguzi mgongoni mara mbili, na jioni chupa zote zilikuwa safi. Kigae alirudi nyumbani amechangamka. Siku zilizofuata aliwachapa watu wa mashine, wapakiaji, mfagizi aliyesinzia. Alimchapa Bibi Mafungu miguuni, mama ambaye alimpakulia chakula chake mwenyewe enzi za ukibarua. Alijiambia anafanya kwa ajili ya mgonjwa wa nchi hii. Alikuwa anajidanganya nusu. Nusu nyingine ni kwamba mkono ulinogewa: ukishauinua watu wazima wakajikunja, ni utamu mchungu, na Kigae aliuonja akaurudia. Kile kitanzi akawa hakivui, hata akila.

Mapovu yakarudi, na safari hii yalikuwa mengi kuliko mwanzo. Akachapa zaidi.

Kwenye mashine ya kalibu, ile inayoupa uji umbo la chupa, alikuwa shemeji yake, mdogo wa mke wake. Kigae ndiye aliyemtafutia kazi, ndiye aliyemfundisha, na kijana alikuwa fundi hasa, mwenye mzaha na mkono mwepesi. Mchana mmoja Kigae alimkuta anaziachia chupa mbovu zipite, moja baada ya nyingine, anazitazama kabisa. Akamvuta pembeni nyuma ya magunia ambako kelele zilipungua.

"Shemeji, huoni hayo mapovu?"

"Nayaona."

"Sasa?"

"Sasa nini? Bibi Mafungu hawezi kutembea. Unataka nilie kwa ajili ya povu?"

"Mtoto atakunywa vipande vya kioo, wewe!"

"Hayo mambo ya mgonjwa wa nchi hii tuliyaamini kwa sababu aliyeyasema aliungua nyusi pamoja na sisi," alisema shemeji. "Wewe unayasema na mkanda mkononi. Yamekuwa matusi."

Kigae alimpiga usoni. Hakuchagua mahali. Waya wa mkanda ulipasua nyusi ya kushoto, ngozi ikafunguka, damu ikamwagika jichoni. Kijana hakurudisha. Alijifuta kwa kiganja, akakitazama, akarudi kwenye mashine yake na damu inadondokea kwenye kalibu na kuchemka.

Jioni mke alikuwa amekwisha jua. Alimsubiri mumewe mlangoni akiwa amesimama, na watoto amewapeleka kwa jirani.

"Umempiga mdogo wangu?"

"Kazini ni kazini."

"Nimekuuliza umempiga?"

"Nimempiga."

Alimrukia. Alimkwaruza shingoni, akampiga kichwani kwa mwiko mpaka ukavunjika, na Kigae, kabla hajafikiri, akainua mkono. Mkanda ulikuwa unaning'inia pale pale kwenye kifundo. Mke akaukazia macho makavu.

"Haya. Kamilisha familia."

Akaushusha mkono polepole. Mke alichukua mto na shuka akaenda kulala na watoto, na kabla hajafunga mlango alimwambia neno moja tu, kwamba siku tanuri lake litakapompata asitegemee mtu. Kigae alikaa sebuleni akijisemea kwamba watu wakiona chupa nzuri tena, wakiona kiwanda kimesimama, watamsamehe wote. Hilo ndilo lililomshikilia: tanuri liwe hai, watu wake wawe nyuma yake. Alivitaka vyote viwili.

Ukuta wa tanuri ulitoboka asubuhi iliyofuata, watu wametoka kukariri dira na bado mashavu ya wengine yana joto. Kwanza tofali moja upande wa kusini liligeuka jekundu, halafu jeupe, halafu likadondoka. Uji ukatoka mzito kama asali, ukagusa sakafu, sakafu ikalipuka vipande vya saruji kama risasi. Kipande kimoja kilimpata mfagizi pajani, akaanguka akipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Nyaya zilishika moto. Gunia tupu la magadi liliwaka. Joto liliwapiga watu ngumi za uso.

Bwana Kofi alikuwepo, na nguo zake nyeupe. Alinyoosha kidole kwenye tanuri, akafungua mdomo akipayuka maneno ambayo hayakusikika, akamsukuma fundi umeme mbele kwenye moto kwa kumshika kola. Uji ulipofika hatua chache kutoka viatuni mwake, alimwachia, akageuka, akampiga kiwiko Bibi Mafungu aliyekuwa njiani akichechemea, akatokea mlango wa nyuma. Wakasikia, au wakahisi, gari lake linang'oa kokoto.

Kigae alikuwa amekwisha nyakua mpira wa maji. Alisimama pale pale aliposimama Mzee siku ile. Maji yalipogusa uji yalipasuka kuwa mvuke, mvuke ukambabua shingo, akauma meno. Alihitaji watu sita. Hata wanne. Mipira mingine ilikuwa imelala sakafuni mahali pake. Aliushika wake kwa mkono wa kushoto, akageuka nyuma, akawaona: zamu yake nzima imesimama penye mlango mkubwa, na shemeji yake mbele, bendeji kwenye nyusi.

Akainua mkono wa kulia juu, akaushusha kwa nguvu. Njoo upesi.

Hakuna aliyesogea. Akainua tena. Mkanda ulikuwa kwenye kifundo chake, na kila alipoinua mkono nao ulipanda hewani, na kila alipoushusha ulishuka. Aliwaita kwa ishara hiyo mara nyingi, akilia, na uji ukiendelea kupanua tundu. Waliielewa. Walikuwa wanaijua tangu walipoajiriwa. Mmoja baada ya mwingine wakageuza migongo wakatoka, wakimbeba mfagizi na kumshika mkono Bibi Mafungu. Shemeji naye akatoka.

Kigae alibaki akiling'ang'ania tanuri. Mpira wa maji uliyeyuka mdomo wake. Shati lilimgandia mgongoni. Donge la uji liliruka likatua kwenye mkono wake wa kulia, juu ya kiganja, likazama ndani ya nyama, na hapo alipiga ukelele ambao aliusikia mwenyewe juu ya mashine zote. Hata hivyo hakuuachia mpira, alisimama akiumwagia uji maji, na tundu lilikuwa sasa linapitisha mtu mzima.

Mtu alimshika kiuno kwa nyuma. Alikuwa shemeji, amejifunga gunia bichi kichwani. Kigae alimpiga kiwiko cha mbavu. Akampiga teke. "Shika mpira!" alimpayukia sikioni. "Shika mpira, tutaliokoa!"

"Sikuja kwa ajili ya tanuri!" shemeji alimpayukia. "Nimekuja kuchukua mume wa dada yangu!"

Walipigana pale, mbele ya moto, wanaume wawili wenye akili zao. Kigae aling'ata bega la shemeji mpaka akaonja damu. Shemeji alimpiga ngumi ya taya, na nyingine, na ya tatu iliyomlegeza magoti, akamtupa begani kama gunia la mchanga, akatoka naye. Nyuma yao ukuta wote wa kusini ulianguka na uji ukajimwaga kwenye mashine za kalibu, kwenye meza za ukaguzi, kwenye makreti. Ile dira ya bluu ilivimba malengelenge ukutani ikadondoka.

Nje watu walikuwa wamekaa barabarani. Kigae aliwekwa chini, akainuka, akawakimbilia.

"Mmeua kiwanda! Mmeua kazi zenu! Wanaharamu ninyi!"

Na akaanza kuwachapa. Kwa mkono ulioungua, ambao ngozi yake ilikuwa inaning'inia, aliwachapa vichwani na mabegani ovyo. Mwanzoni walimwacha. Kisha fundi umeme akamkamata, wakamwangukia watu watano au sita, wakampiga mateke ya mbavu, ya mgongo, ya uso, kimyakimya, bila hata kumtukana, na aliyesimamisha kipigo ni Bibi Mafungu. Hakusema ana huruma. Alisema tu, "Basi. Na sisi tutazoea kupiga."

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Shemeji na fundi umeme walimkokota mpaka huko, wakamlaza kwenye kitanda cha chuma. Mke wake alifika akiwa bado na unga mikononi, akasimama miguuni pa kitanda. Alimtazama mdogo wake kwanza, bega lililong'atwa, halafu mumewe.

Muuguzi alikuwa mama mnene, mwenye haraka. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko na kitanzi cha mkanda kilikuwa kimezama ndani ya kifundo, mpira wake umeyeyuka ukashikana na nyama. Alijaribu kukitelezesha, Kigae akapiga kelele. Akachukua mkasi mkubwa wa kukatia plasta.

"Hiki kitatoka na ngozi," alisema. "Mshikeni."

Shemeji alimshika mkono kwenye kitanda kwa viganja viwili. Uso wake ulikuwa karibu kabisa, bendeji imelowa damu upya.

"Shemeji," Kigae alinong'ona, "niliwaita. Hamkuniona?"

"Tulikuona."

"Mngekuja watu wanne tu."

"Ungekivua tungekuja wote," alisema shemeji. "Mimi ningekuwa wa kwanza. Tulisimama pale tunasubiri ukivue."

Kigae alitazama dari. Kisha akatafuta macho ya mke wake, naye alikuwa anautazama ule mkono.

"Na hiki ni kidude gani lakini?" muuguzi aliuliza, akiingiza ncha ya mkasi chini ya kitanzi. "Mnakitumia kazi gani huko kiwandani?"

Fundi umeme aligeukia dirisha. Shemeji aliukaza ule mkono kitandani. Walimwachia mwenyewe ajibu.

"Cha kupigia watu," alisema Kigae.

Muuguzi alimtazama kidogo, akamwambia ahesabu moja mpaka tatu, akakata kabla ya mbili.